UKUTA UKIONDOKA, BORITI ITALAZA WAPI KICHWA?

Wahenga walituusia habari ya ufa, kwamba asiyeuziba atajenga ukuta. Wao walimfikiria mtu mvivu, aonaye mstari mwembamba katika lipu akasema kesho. Hawakumfikiria mtu mwenye bidii, aamkaye asubuhi na nyundo na mtaimbo akaubomoa ukuta mzima usio na ufa wala kasoro, kwa kuwa amenunua makochi yasiyoingia chumbani. Mtu huyu ndiye tuliye naye siku hizi katika miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa na kwingineko. Leo nataka kuandika habari ya kazi yake, na hasa habari ya zile boriti anazoziacha juu zikiwa hazina pa kulaza kichwa.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa katika nyumba za matofali na mabati, yafaa kwanza tueleze. Nyumba ya mawe ya Mwambao haisimami kwa nguzo bali kwa kuta. Kuta za matumbawe na chokaa, zenye unene upatao dhiraa moja, ndizo zibebazo kila kitu. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, sambamba, baina yao nafasi ya shubiri moja au zaidi kidogo. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe au fito, kisha hutiwa kokoto na chokaa, ikapigwa kwa vipande vya mti siku mbili tatu hata ikashikana. Kwa aliye chini hiyo ni dari, kwa aliye juu ni sakafu. Kitu kimoja chenye majina mawili, na mara nyingi chenye wenyewe wawili pia, jambo ambalo tutalirudia.

Mkoko nao hauna urefu wa kupangiwa na mwanadamu. Boriti nyofu, iliyo madhubuti toka shina hadi ncha, hukatwa ya mita 2.5 mpaka 3 hivi. Kwa hiyo upana wa chumba cha Lamu ulikwisha kuamuliwa kule mkokoni kabla fundi hajapiga kamba ya msingi. Urefu wa chumba ni khiari ya mwenye nyumba na mfuko wake, lakini upana ni wa boriti. Ndiyo sababu msana wa tini, msana wa yuu na ndani hufuatana kama safu za Sala, vyumba virefu vyembamba, na baina ya kila kimoja na mwenziwe upo ukuta mzito. Wageni wengi huandika kwamba wazee wetu walipenda vyumba vyembamba. Labda walivipenda. Lakini kupenda kwenyewe kulianzia kwenye mti.

Na si wazee wetu peke yao. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalikuwa yakirudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu na za Rufiji, yakazipeleka Oman, Bahrain, Kuwait na Basra, kwenye nchi kavu zisizo na miti ya kujengea. Kule waliziita chandal, na vyumba vyao vya kale vina upana ule ule wa vyumba vyetu, kwa sababu ile ile. Biashara hiyo ya ng'ambo serikali ya Kenya iliikomesha mwaka 1982 ili kuinusuru mikoko.

KUTA ZA KATI

Sasa tumtazame bwana wetu na nyundo yake. Anasimama baina ya msana wa yuu na ndani, anauona ukuta umemkatia nyumba vipande viwili. Anasema moyoni: huu wa kati, kuta za nje zingaliko, utadhuru nini ukiondoka? Angalikuwa mtunzi ningalimuuliza kama aweza pia kuondoa kina cha kati katika shairi ili mshororo upate nafasi.

Ukuta ule wa kati hubeba zaidi ya kuta zote. Ukuta wa nje umepokea vichwa vya boriti upande mmoja tu. Wa kati umepokea vichwa kutoka pande mbili, boriti za msana zimelala juu yake na boriti za ndani zimelala juu yake, vichwa vikitazamana. Hebu tupige hesabu ndogo. Sakafu ya chokaa na kokoto yenye unene wa sentimita 20 ina uzito unaozidi kilo 300 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6 kina takriban mita 16 za mraba. Basi dari ya chumba hicho kimoja ni karibu tani 5. Nusu yake yaelemea ukuta wa kati, na nusu ya dari ya chumba cha pili yaelemea ukuta huo huo. Jumla ni tani 5 juu ya ukuta mmoja, bila kuhesabu watu, vitanda, makabati na kuta za orofa ya juu.

Kinachomdanganya mtu ni kuwa nyumba haianguki siku ile. Sakafu ya chokaa iliyokaa miaka mia mbili imekuwa kama jiwe moja, na kwa muda hujishikilia yenyewe, imening'inia juu ya vichwa vya boriti visivyogusa kitu. Bwana huleta makochi yake, huwaalika jamaa, huonyesha ukumbi. Juma la kwanza salama, la pili salama. Lakini chokaa ni hodari wa kubebeshwa mzigo na ni dhaifu wa kuvutwa. Ikivutwa hupasuka, kwanza kwa ndani pasipoonekana.

Balaa hii si yetu tu. Jamaa zetu wanaoishi Uingereza wanaijua kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za kule, hasa zile za safu zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya kwanza, zilikuwa na meko ndani ya kila chumba, na juu ya meko dohani ya matofali iliyopanda orofa kwa orofa mpaka juu ya paa, imetuna ndani ya chumba kama mtu aliyeficha mzigo chini ya kanzu. Zilipokuja njia nyingine za kutia nyumba joto, watu walianza kuibomoa dohani ili wapate nafasi ya kabati au kitanda. Wakaona mambo mawili. Kwanza, waliobomoa chini tu waliacha matofali ya juu yakielea hewani. Pili, sakafu ya mbao pale mbele ya meko ilikuwa na pengo. Mafundi wa zamani hawakutaka mti ukaribie moto, basi zile mbao za kubebea sakafu zilikatwa fupi, vichwa vyake vikafungwa kwenye mti wa kukingama, na mti huo ukabebwa na miti miwili minene ya pembeni. Dohani ikiondoka na jiwe la meko likiondoka, hubaki shimo na mbao fupi zisizofika ukutani.

Fundi mbaya hupigilia ubao mwembamba juu ya shimo, akatandika zulia, akalipwa. Fundi mwema huingiza mbao mpya ndefu toka ukuta hadi ukuta, akazifunga kwa bolti ubavuni mwa zile fupi, na huko juu huwa amekwisha kuyatilia matofali chuma cha kuyabeba, au ameyabomoa yote kuanzia juu ya paa kuteremka chini. Kanuni ni ile ile ya kwetu. Mzigo uliokuwa na pa kushukia lazima utafutiwe njia nyingine ya kushuka, na utafutiwe kabla ya nyundo, si baada yake.

NYUMBA MOJA YA MKOMANI

Turudi kwetu. Nilipata kuifuata kwa karibu kazi ya nyumba moja katika mtaa wa Mkomani, Lamu, ambayo sitaitaja wala kuwataja wenyewe. Baba alifariki akaacha mwana wa kiume na mabinti wawili. Waligawana kama sheria isemavyo. Binti mmoja aliyeolewa Malindi alitaka fedha akapewa, ndugu wa kiume akatwaa chini, na dada aliyebaki, mjane mwenye watoto wanne, akatwaa juu. Ndugu alitaka kupangisha wageni. Akauondoa ukuta baina ya msana wa yuu na ndani, pamoja na zidaka zake zote za chokaa iliyochongwa. Kazi ya kisu ya fundi aliyekwisha kufa miaka mingi ilitolewa nje kwa karai, ikafukiwa ufukweni.

Aliyegundua alikuwa mtoto. Gololi yake, akiiweka popote chumbani, ilibingirika ikaenda kati na kusimama. Mama aliona ni mchezo, mpaka siku moja alipomwaga maji ya kudekia yakakimbilia pale pale. Usiku wakawa wasikia mlio kama wa mtu avunjaye njugu.

Aliitwa fundi mmoja mzee, umri wake wazidi miaka 70, ambaye baba yake na babu yake walikuwa waashi. Hakutazama dari. Aliuliza, "Nani alala juu?" Akaambiwa, mjane na wanawe. Akasema, "Leo wasilale." Ndipo alipotaka taa.

Tangu hapo nilimfuata kama mwanafunzi wa chuoni, nikaandika.

Kazi ya kwanza ilikuwa ni gadi. Watu wa pwani twaijua gadi kwa vyombo, ile miti itegemezwayo ubavuni mwa jahazi maji yakipwa. Kumbe na nyumba huwekwa gadi. Fundi alitandika mbao nene chini, juu yake akasimamisha safu mbili za nguzo za mkoko, safu moja upande huu wa pengo na moja upande ule, na juu ya nguzo akakingamisha miti ya kupokea boriti. Kila nguzo ilikazwa kwa kabari mbili zinazopishana. Hapo ndipo niliposhangaa, maana sikumwona akiinua dari. Alipiga kabari mpaka nguzo ikabana, basi. Kesho yake akapiga kidogo, na keshokutwa kidogo. Ndugu mwenye nyumba akamhimiza airudishe dari mahali pake siku moja ili kazi iishe. Mzee akamjibu, "Imeshuka kwa miezi, wewe wataka ipande kwa saa moja? Utaipata sakafu yote kichwani." Ilichukua siku kumi na mbili, na hata hivyo haikurudi yote. Sehemu ya vidole viwili aliiacha imelala, akasema sakafu imekwisha kuizoea.

Kazi ya pili ni kuzihesabu boriti na kuzipima. Chumba cha mita 6 kilikuwa na boriti 20, yaani korija moja kamili. Waliojenga walinunua korija kwa kila chumba. Fundi alipita na nyundo ndogo akigonga moja moja. Boriti nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Penye shaka alichoma kwa msumari mrefu kuona unazama kiasi gani. Katika 20 za ndani, 7 zilikuwa zimeharibika, na jambo la kuzingatia ni kwamba karibu zote ziliharibika upande wa ukuta wa nje, mbali na ule uliobomolewa. Sababu ilionekana wazi ukutani. Miaka kadhaa nyuma mtu aliupiga ukuta wa nje lipu ya saruji.

Juu ya saruji nitasema kidogo, kwa kuwa madhara yake nimeyaona katika nyumba nyingi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, na kupitia lipu ya chokaa huyatoa tena, ukakauka. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa. Ukiufunika kwa saruji, maji huingia kwa nyufa ndogo na hayapati pa kutokea. Hukaa ndani, na pale ndani ndipo vilipo vichwa vya boriti. Mkoko huvumilia mengi, mchwa hauupendi sana, lakini kichwa kilichofungiwa katika unyevu mwaka hata mwaka huoza kama mti mwingine wowote. Mwenye nyumba huiona lipu yake inang'aa akafurahi. Na alivyonisimulia fundi, zaidi ya nusu ya boriti anazobadilisha ni za kuta zilizotiwa saruji.

Tatu ni kuupa mzigo njia mpya. Ndugu alikuwa na rai mbili. Kwanza alitaka boriti mpya ndefu za mvinje, zitoke ukuta wa msana zifike ukuta wa ndani kwa mpigo mmoja, ukuta wa kati usirudi. Mvinje wapatikana, wapandwa kwingi Pwani na ni rahisi. Lakini mti ukiuongezea urefu mara mbili kati ya egemeo na egemeo, mzigo wa kila mita ukiwa ule ule, nguvu ya kuuvunja huwa mara 4, na kubonyea kwake huwa mara 16. Mti wa unene ule ule hauwezi, na mvinje haujui kujilinda na mdudu kama ujuavyo mkoko. Ukikaa bila dawa hubunguliwa. Rai ya pili ilikuwa mhimili wa zege wenye nondo. Mzee hakuukataa kwa ubishi wa kizamani. Aliuliza mchanga utatoka wapi. Alipoambiwa utachotwa pwani alicheka. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi hula nondo, nondo iliyoshika kutu hufura, na ikifura huipasua zege kutoka ndani. Majengo ya namna hiyo yaliyozeeka kabla ya wenyewe si machache katika miji yetu.

Akapendekeza lake. Msingi wa ukuta uliobomolewa ulikuwa ungaliko chini ya sakafu, nao hauna kosa. Juu ya msingi huo alijenga nguzo mbili nene za mawe na chokaa, akaacha milango mitatu mipana, kila mmoja kiasi cha mita moja na nusu. Juu ya milango akalaza mihimili ya mbambakofi, vichwa vyake vimekaa juu ya mawe bapa magumu, si juu ya tumbawe laini linalosagika. Juu ya mihimili hiyo vichwa vya boriti za pande zote mbili vikapata tena pa kulala. Ndugu akapata ukumbi wa kupitisha makochi, na dari ikapata ukuta wake.

Boriti mbovu hazikutolewa zote kwa mara moja. Ilitolewa moja, ikaingizwa mpya, ikakazwa kwa kabari za mti na vijiwe, ndipo ya pili ikaguswa. Kwenye ukuta wa nje kila kichwa kiliingia zaidi ya shubiri moja, na fundi alikizungushia chokaa tupu nyepesi, akaacha na nafasi ndogo ya hewa mwishoni. Nne kati ya zile mbovu zilikuwa zimeoza ncha tu. Hizo hakuzitupa. Alikata palipooza mpaka akafika penye uzima, kisha akailaza boriti pacha ubavuni mwake, akazifunga pamoja. Boriti zile za kale zilikuwa zimechongwa mraba kwa tezo na zina alama za rangi nyekundu na nyeusi bado. Mzee alisema ni haramu kuzitia motoni, na sidhani alikuwa akitoa fatwa.

Kupata boriti kwenyewe kulichukua majuma. Wauzaji wa mikoko wana majina yao kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na katika hayo boriti ya kweli, ya sentimita 11.5 hadi 14 hivi, ndiyo itafutwayo zaidi na ndiyo iliyoadimika. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na bado mtu wa Lamu huenda akasubiri. Mti huo huchukua miaka mingi kufika unene huo, na ukataji una vibali na makatazo yanayokuja na kuondoka. Afadhali iwe hivyo. Lakini mtu anayebomoa ukuta ajue kwamba vifaa vya kuurekebisha havipo dukani.

MLANGO WA SULUHU

Nimesema dari ile ina wenyewe wawili. Kazi ilipokuwa ikiendelea ndugu na dada walikuwa hawasemezani. Yeye asema chini ni kwake, atafanya apendavyo. Dada asema sakafu ni yake, na nani amempa ruhusa ya kuiondolea ukuta?

Waliosoma vyuoni watakumbuka kwamba katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa sana Mwambao kwetu tulio wa madhehebu ya Shafi, habari za kuta, vipaa na njia hazikuwekwa katika milango ya biashara. Ziko katika mlango wa suluhu. Nilipokuwa kijana sikuona maana ya hilo. Ipo hadithi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ambayo maana yake ni kuwa jirani asimzuie jirani yake kuchomeka mti ukutani mwake. Mti wenyewe uliotajwa ndio huu wa kuezekea, boriti. Imamu Ahmad aliichukua kuwa ni lazima. Imamu Shafi katika kauli yake ya mwisho alisema yahitaji idhini ya mwenye ukuta. Wametofautiana katika haki ya kuweka mti mpya. Ama kuondoa kile ambacho mti wa mwenzio umekwisha kukilalia, akadhurika, sijamsikia aliyekihalalisha, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana yajulikana na kila mtoto wa madrasa.

Na sheria za dunia hazikwenda mbali. Wale Waingereza wa dohani walitunga sheria mwaka 1996 inayomtaka mtu ampelekee jirani taarifa kwa maandishi kabla ya kuugusa ukuta wa shirika. Kwetu, mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2001, uko chini ya sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, na mtu hatakiwi kubadili nyumba bila kibali. Ndugu yetu hakuomba kibali. Angaliomba, angaliambiwa bure yale aliyokuja kuyalipia.

Walisuluhishwa na mzee wa mtaa, barazani, baada ya Sala ya Alasiri. Ndugu alipe gadi, mihimili, nguzo na boriti zote zilizopoteza egemeo kwa ajili yake. Zile 7 zilizooza kwa saruji, iliyopigwa enzi ya baba yao, wazilipe pamoja kwa mafungu ya urithi. Dada alipe sakafu ya juu ya kumalizia, maana yeye ndiye aikanyagaye. Dada alikubali kwa sharti moja, kwamba sakafu ipigwe kwa chokaa.

Ikapigwa. Vijana sita walikaa safu moja na vipande vyao vya mti, wakapiga nyufa zilizojazwa kokoto na chokaa iliyolowekwa shimoni miezi mitatu, siku mbili mfululizo, maji yakinyunyizwa. Wawili kati yao hawakuwahi kuishika kazi hiyo kabla. Chokaa haina haraka ya saruji, hukauka kwa kuvuta hewa, na fundi hakuruhusu gadi iguswe kabla ya majuma manane. Muda ulipofika alilegeza kabari za katikati kwanza, robo ya kidole, akangoja hadi kesho, kisha akaelekea pembeni, pande zote mbili sawasawa, ili mhimili uupokee mzigo kidogo kidogo.

Mjane amerudi juu na wanawe. Ndugu amepata wageni wake wa kwanza, nao hukaa katika ule ukumbi wa milango mitatu wakizipiga picha nguzo za mawe, wakidhani ni za kale. Gadi mbili za pembeni zingali zimesimama upande wa ndani, zimefungwa kitambaa cheupe mtu asijigonge. Fundi amesema zitatoka baada ya masika, akisha kuona kuta zilivyonywa maji na zilivyoyatoa.